Hodi ya Nne

Mwanahija binti Mahmoud wa Kerege alikuwa na friji, na alikuwa akiitumia kuwekea kanga. Mwanawe Feisal ndiye aliyemletea, nyeupe, ya milango miwili, akaichomeka sebuleni na kumwonyesha pa kuweka samaki na pa kuweka maji. Gari la mwanawe lilipokata kona tu, akaichomoa, akaipangusa ndani kwa kitambaa kikavu, akapanga humo kanga zake doti kwa doti, na udi kidogo kwenye kile kitrei cha mayai. “Chakula kilicholala ni maiti,” alikuwa akimwambia yeyote aliyeuliza, na wengi ambao hawakuuliza. “Na maiti huzikwa, haiwekwi ndani ikasubiri wageni.” Friji ile ina miaka minne sasa na haijawahi kuona samaki.

Jiko la gesi alilikubali kwa chai tu, na hata hiyo chai akiiteleka alikuwa akigeuza uso kama mtu anayechokoza nyoka. Ubwabwa wa gesi, alidai, umetulia, haukuungua popote, na hauna ladha. Nazi ikikunwa kwa mbuzi inatoa tui. Ikisagwa kwa blenda inatoa kelele. Televisheni ya ukutani aliyoiona kwa mwanawe ilikuwa kubwa kama mlango, na hakuna aliyeingia wala kutoka. Simu alikuwa nayo, kitochi kidogo kilichofungwa kwa mpira kisifumuke betri, na kazi yake kubwa ilikuwa kummulikia chooni. Hizo simu kubwa hakutaka hata kuzishika. Siku hizi, alisema, ukiingia kwenye nyumba ya msiba huwezi kujua nani anamlilia marehemu na nani anasoma meseji, maana wote wameinamisha vichwa. Hilo alilisema msibani kwenyewe, kwa sauti, mfiwa akiwa anasikia.

Mtu angependa kukuambia kwamba chini ya ulimi ule palikuwa na moyo laini. Labda palikuwa nao, lakini kama ulikuwapo aliufungia pamoja na kanga. Watu wa Kerege walimheshimu kwa kazi yake. Alikuwa akisuka makuti, na hakuna mkono mwingine kuanzia pale mpaka Mapinga uliosuka kuti likakaa juu ya paa masika matatu bila kuvuja. Wateja wake zamani walikuwa wenye nyumba. Sasa wenye nyumba wanataka bati, la rangi ya bluu au nyekundu, na makuti wanayataka wenye hoteli za ufukweni, ili wazungu wakae chini yake na kupiga picha. Mwanahija aliwauzia, akawadharau, na asubuhi akaamka kusuka mengine.

Ua wake mwenyewe ulikuwa wa makuti vilevile. Ua wa makuti, alikuwa akisema, una adabu: unamzuia mtu asikuone, lakini haumzuii asikusikie. Mtu akifika anasimama nje, anabisha hodi kwa sauti yake, na wewe uliye ndani unamtambua kwa sauti hiyo, unajitanda kanga yako, unasogeza chungu, unasema karibu. Marehemu baba yake, mzee Mahmoud, alimfundisha akiwa mdogo kwamba hodi ni tatu. Ya kwanza wakusikie. Ya pili wajistiri. Ya tatu waamue. Ukimaliza ya tatu hujajibiwa, geuka uende zako, usichungulie, wala usiweke kinyongo, kwani huenda mwenye nyumba ana udhuru wake. Na hodi ya nne je? aliuliza siku ile. Hodi ya nne, alisema mzee Mahmoud, ni ya mtu asiye na kwao. Mwanahija alikuwa na miaka sitini na mitatu, na katika umri huo wote hakuwahi kubisha ya nne kwa mtu yeyote.

Feisal alikuwa mtoto wake wa pekee aliyebaki hai. Alifanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo mjini, akitoka alfajiri na kurudi jua limeshazama. Alipotaka kujenga, mama yake alimpa shamba la Mapinga, lile aliloachiwa na mumewe, marehemu Twalha. Madalali walikuwa wameshamfuata mara kadhaa na kamba zao za kupimia, akawafukuza kwa maneno ambayo mmoja wao aliyasimulia stendi kwa wiki nzima. Palikuwa na mikorosho pale, na chini ya mmoja wao ndipo marehemu alipokuwa akipumzika akitoka kulima. Feisal aliukata, maana ndipo geti lilipotakiwa kukaa. Aliomba ruhusa kwanza, na mama yake akasema kata. Kisha hakwenda Mapinga kwa miezi miwili.

Nyumba ikaisha: ukuta wa matofali urefu wa mtu na nusu, madirisha ya vioo yamefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, na ndani yake Rukaya. Rukaya alikuwa binti wa Kaole, mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mchache wa maneno. Mwanahija hakumchukia mwanzoni. Alimwona ana macho ya kumpima mtu, na yeye mwenyewe alikuwa nayo hayo, kwa hiyo akamtazama kwa tahadhari. Ugomvi wenyewe ulikuja na mtoto.

Rukaya alijifungua kwa upasuaji, mtoto wa kiume, na siku ya saba wakamchinjia akika na kumpa jina la babu yake, Twalha. Mwanahija alilia siku hiyo, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Kwa desturi yetu ya pwani bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na yeye alikuwa na sababu zaidi ya bibi wengine, maana jina lilikuwa ndilo. “Mume wangu umerudi,” alimwambia yule mtoto, “na safari hii huna meno.” Usiku ule alilala naye ubavuni.

Asubuhi ya siku ya nane aliinjika maji ya moto, akatafuta kanga kuukuu, akaingia chumbani kumkanda mzazi. Kwao mzazi hukandwa kwa maji ya moto siku arobaini ili damu chafu itoke na tumbo lirudi. Rukaya akajikunja kitandani, akaweka mkono juu ya tumbo lake.

“Daktari amesema mshono usiguswe, mama.”

“Daktari kazaa wangapi?”

“Sijamuuliza. Lakini yeye ndiye aliyeshona.”

“Mimi nimezaa watano,” alisema Mwanahija, “na nilikandwa wote watano.”

“Na mmoja ndiye yupo,” alisema Rukaya.

Alilisema polepole, na pengine lilimtoka kabla hajalipima, lakini lilimtoka. Mwanahija aliyamwaga yale maji uani, yote, akafunga mzigo wake na kupanda bodaboda kurudi Kerege. Hata mtoto hakumbusu. Njia nzima alikuwa akimtukana dereva kwa mwendo wake.

Alikaa siku kumi na moja bila kwenda. Kila asubuhi alisuka makuti na kila asubuhi alijiambia kwamba hamtaki yule mwanamke, wala nyumba yake, wala kiyoyozi chake. Mtoto alimtaka. Alimtaka mpaka mikono ikawa inaharibu kuti, linakaa upande, analifumua. Na kulikuwa na jambo jingine lililomsukuma: arobaini. Kwa ukoo wao bibi mzaa baba ndiye anayemtoa mtoto nje siku ya arobaini, anamzungusha nyumba, anamwonyesha jua na kumtajia majirani. Yeye alitolewa na bibi yake, Feisal alitolewa na bibi yake. Mtoto asiyetolewa na mtu wa ukoo, kwao, ni kama amejitoa mwenyewe. Mwanahija alikuwa tayari kumeza mengi, lakini hilo lisingepita kooni.

Basi Ijumaa moja, siku ya kumi na tisa ya mtoto, alipika uji wa mtama wenye pilipili manga, akachemsha kuku wa kienyeji kwa ajili ya maziwa ya mzazi, akavipanga kwenye kapu na kwenda Mapinga. Alipofika getini akakuta kitu kipya. Wezi walikuwa wameiba pampu ya maji kwa jirani, na Feisal naye akaingiwa na hofu, akaweka kengele. Ilikuwa kidude cheusi ubavuni mwa geti, kina kitufe chini, na juu ya kitufe jicho la kioo la ukubwa wa kishikizo cha shati.

Feisal alishamweleza kwa simu, kwamba akifika abonyeze. Mwanahija alikitazama kile kitufe. Kengele ni ya shule, aliwaza, na ya baiskeli. Abonyeze kitufe kama msoma mita ili aingie kwenye shamba la mumewe, nyumbani kwa mtoto aliyemzaa mwenyewe, pale pale ulipokuwa mkorosho? Mtu anayebisha hodi anatoa sauti yake na sauti ni yeye. Kitufe hakijui kama amekibonyeza mama mtu au muuza mkaa. Akashusha kapu, akasimama wima, akatengeneza mtandio.

“Hodi.”

Akangoja. Ng’ambo ya ukuta kiyoyozi kilikuwa kinanguruma.

“Hodi wenyewe.”

Akangoja tena, zaidi ya inavyostahili.

“Hodi jamani, ni mimi.”

Hakuna aliyejibu. Baba yake alisema ukimaliza ya tatu geuka uende bila kinyongo. Mwanahija aligeuka. Kinyongo kilimshinda, na akiwa anainama kuchukua kapu alianza kusema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na kapu lake. Alisema nyumba gani hii ya kujifungia kama benki. Alisema saa nne ya asubuhi mwanamke bado kalala, kamwachia mtoto baridi la mashine. Alisema mtoto atakuwa anapewa maziwa ya kopo na kufungwa pampasi mpaka miguu impinde. Kisha akamalizia na lile ambalo kila mtu hulisema: “Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na huyu hata ulimwengu umemshindwa.” Akatema mate pembeni, akaondoka. Kuku alimpa dereva wa bodaboda.

Ijumaa iliyofuata alirudi, na ile iliyofuata akarudi tena. Mara zote hodi tatu, mara zote kimya. Mara ya tatu alimsikia mtoto akilia ndani, sauti nyembamba, halafu ikakatika kama ya aliyenyonyeshwa. Kwa hiyo watu walikuwamo. Alisimama pale na kapu lake jua likimchoma utosini mpaka muuza maji aliyepita akamuuliza kama anaumwa. Akamjibu kwamba anaumwa na wajinga. Akarudi Kerege.

Hakumwambia Feisal. Mtu aliyenyimwa mlango, alivyolelewa yeye, haendi kushtaki. Kushtaki ni kukiri kwamba alikuwa anauhitaji mlango ule. Feisal akipiga simu alikuwa akimjibu mzima, na akimuuliza utakuja lini alikuwa akimjibu ukitaka kuniona kwangu unakujua. Feisal naye akadhani bado ni ile hasira ya maji ya moto. Mpaka Jumapili, siku ya thelathini na tano, alipokuja mwenyewe na kumkuta mama yake uani na rundo la makuti.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba.”

“Mama, mtoto ana mwezi sasa. Hujaja.”

“Nimekuja mara tatu.”

“Hujaja, mama. Kengele haijalia.”

“Sikuja kupiga kengele. Nilikuja kwa mwanangu. Nimebisha hodi tatu kwa Ijumaa tatu, hizo ni tisa, na sijajibiwa hata moja. Sasa unaniita mwongo kwangu.”

Feisal alimtazama, akatoa simu yake kubwa. Alisema kile kidude hakingoji kubonyezwa. Mtu akisimama mbele yake tu kinampiga picha na kuzituma kwenye simu. Yake yeye aliinyamazisha, kwa sababu ilikuwa ikimlilia kazini kila mbuzi akipita. Akawa anatafuta kwa kidole, Ijumaa hii, Ijumaa ile, halafu akainama karibu na mama yake ili waone wote wawili.

Mwanahija alijiona kutoka juu. Aliona kipande cha mtandio wake, mabega, na kapu chini. Alijiona mdogo, na hilo lilimuudhi. Kisha simu ikasema hodi, na ilikuwa sauti yake.

“Kinasikia?” aliuliza.

“Kinasikia, mama.”

Hakuwahi kuisikia sauti yake ikibisha hodi. Alishangaa ilivyokuwa na unyonge, hasa ile ya tatu. Feisal alikuwa akitikisa kichwa kwa huruma, na mkono ameuweka begani kwa mama yake, na kwa muda mfupi Mwanahija aliona kwamba ameshinda. Lakini ile sauti haikuishia pale. Ikaendelea kwenye benki, ikaendelea kwenye pampasi, na ikafika kwa mama na ulimwengu, yote yamenyooka, hata mate yakasikika. Mkono ukaondoka begani.

“Zima,” alisema Mwanahija.

Feisal hakuzima. Alikuwa anahesabu siku moyoni, na alipopata jibu uso ukamshuka. Ijumaa ile ya kwanza, alisema, aliporudi kutoka kazini alimkuta Rukaya macho mekundu, akamuuliza, akaambiwa ni usingizi. Mtoto alikuwa amekesha, na kweli asubuhi ile Rukaya alipitiwa, hakusikia hodi. Alipoamka ndipo alipoiona simu yake.

“Kwa hiyo alinisikia baadaye,” alisema mama yake.

“Alisikia.”

“Na Ijumaa hizi mbili?”

“Simu yake hainyamazishwi, mama. Akiwa macho anakuona hapo hapo.”

“Ananiona.”

“Anakuona.”

Mwanahija alichukua kuti na kulipasua katikati, ingawa lilishasukwa. Alisema kwamba ile nyumba ilijengwa na shetani na kuwekwa jicho na mkewe. Alisema yeye hakuwa akizungumza na mtu, alikuwa akisema peke yake, na mtu akisema peke yake anasema na Mungu wake. Feisal alisimama, akapangusa suruali.

“Basi safari hii umesema na Rukaya,” alisema. “Mama yake alikufa yeye akiwa na miaka sita. Wewe unajua.”

Alijua. Hicho ndicho kilichomkalisha pale uani mpaka adhuhuri, baada ya gari la mwanawe kuondoka, mikono imelala juu ya mapaja. Alikuwapo kwenye ule msiba wa Kaole. Alikwenda na wanawake wenzake wa Kerege, na ndani ya ile nyumba iliyojaa watu alikiona kitoto cha kike kikipita katikati ya wanawake na vikombe vya maji, kikigawa, kikirudi kujaza, kwa sababu hakuna mtu mzima aliyekumbuka kukiambia kikae. Alikunywa maji ya kikombe kile. Miaka mingi baadaye Feisal alipotaja anakotaka kuposa, alikikumbuka na kusema, huyo kafunzwa. Sasa aliona aibu, na kwa kuwa hakuwa na mazoea ya aibu, aliigeuza yote ikawa hasira. Alimchukia Rukaya kwa kunyamaza na kumtazama. Alikichukia kile kidude kwa kutunza maneno ambayo upepo ulikuwa na wajibu wa kuyachukua. Alijichukia kidogo pia, lakini hilo alilifanya haraka na kulipita.

Jumatatu hakusuka. Jumanne alisuka vibaya. Jumatano, siku ya thelathini na nane, alikwenda Mapinga bila kapu.

Alisimama mbele ya geti. Kitufe kilikuwa pale pale, na juu yake lile jicho. Safari hii alijua kuna mtu nyuma ya jicho, na alijitanda vizuri kama anavyojitanda mtu anayetazamwa.

“Hodi,” alisema.

Kiyoyozi kikanguruma.

“Hodi.”

Alisubiri ya pili kwa muda wa mtu kujistiri, akasubiri na zaidi.

“Hodi, Rukaya.”

Hakuna. Miguu yake ilijua la kufanya. Iligeuka yenyewe, hatua moja, mbili, upande wa barabara. Kwa miaka sitini na mitatu iligeuka hivyo. Akasimama. Kesho kutwa ingekuwa arobaini. Wangemtoa mtoto kwa mikono ya mwingine, au wasingemtoa kabisa, wangempiga picha tu na kuitundika kwenye simu. Akarudi zile hatua mbili. Akalitazama lile jicho moja kwa moja, kwa chuki iliyo wazi.

“Najua unaniona,” alisema. “Lile nililosema la mama yako nalirudisha. Nilimzika mama yako, na maji ya mkono wako nilikunywa. Halikuwa langu kulisema. Mengine niliyosema siku ile yabaki palepale, la benki, la pampasi na la usingizi, siondoi hata moja. Na wewe lako la wanangu wanne unalijua, sitakuambia ulirudishe.”

Neno alilotaka kulitoa sasa lilikuwa fupi kuliko yote aliyosema.

“Hodi,” alisema Mwanahija binti Mahmoud.

Ilikuwa ya nne. Alipoisema alihisi joto la aibu likimpanda kutoka shingoni, na akashukuru kwamba baba yake alikuwa chini ya mchanga. Kitambo kikapita. Geti kubwa halikusogea. Halafu akasikia kandambili, zikija polepole juu ya kokoto kama za mtu anayelinda mshono, na komeo la mlango mdogo likavutwa kwa mkono. Rukaya alikuwa amesimama pale, mtoto begani. Naye ni mtoto wa Kaole, mwenye ua wa makuti kwao. Alijua hodi ni ngapi.

“Karibu,” alisema. “Shikamoo.”

“Marahaba.”

Hawakukumbatiana, na hakuna aliyelia. Rukaya alimpa mtoto, na Mwanahija akampokea, akamnusa shingoni, akamwambia mume wangu. Kisha akaingiza kidole kwenye pampasi na kusema imejaa. Rukaya akasema ameibadilisha sasa hivi. Walikwenda hivyo mpaka sebuleni.

Ijumaa ile bibi alimtoa mjukuu nje, akamzungusha nyumba yote, na walipofika getini akamwonyesha pale ulipokuwa mkorosho. Majirani walimwona. Feisal alidhani mambo yamekwisha, akachinja mbuzi, akaita watu, na jioni akamwambia mama yake kwamba sasa kwa kuwa wameelewana angebonyeza tu kile kitufe, ni kidogo tu, hakina neno. Mama yake alimwambia ale pilau.

Kitufe hajakibonyeza mpaka leo, na mtoto ana mwaka na meno manne. Kila Ijumaa saa nne ya asubuhi Mwanahija anashuka kwenye bodaboda, anashusha kapu, anatengeneza mtandio na kubisha hodi. Ndani, Rukaya anakuwa ameshika simu, anamwona waziwazi tangu anapolipa nauli. Anamwacha abishe ya kwanza. Anamwacha abishe ya pili na ya tatu. Anangoja nyuma ya mlango mdogo, mtoto mkononi, mkono mwingine umeshalishika komeo. Na nje ya geti, kwenye shamba la marehemu mumewe, mama mkwe wake analitazama lile jicho, anasaga meno, na kuitoa ya nne.